Askofu halipwi, mtume analipwa: zaka ya Wamormoni inavyotembea

Mtu wa Kigoma akiambiwa kuna kanisa ambalo askofu wake anafundisha shule ya msingi Jumatatu hadi Ijumaa, Jumapili anaongoza ibada, na hapewi hata nauli, swali linalofuata halichelewi: sasa hizo zaka anakula nani? Ni swali la haki. Huku kwetu tumezoea padri anayetunzwa na parokia, na mchungaji anayekaa nyumba ya kanisa. Kwa Wasabato tunajua fungu la kumi linapelekwa juu lote, kisha mchungaji analipwa mshahara kutoka huko huko. Mipango hiyo inaeleweka. Huu wa Wamormoni unawachanganya watu, hasa kwa kuwa mara nyingi habari zake zinafika kwa mdomo, kutoka kwa ndugu na wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa. Wako wanaosema kwamba katika kanisa hilo hakuna anayelipwa. Wako wanaosema wakubwa wao Marekani wanaogelea kwenye zaka za maskini. Kauli zote mbili zina kipande cha ukweli, na kila moja peke yake inapotosha.

Jina lake kamili ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na tangu 2018 viongozi wake wanaomba lisiitwe la Wamormoni. Kwenye kichwa nimeweka jina la mtaani ili msomaji ajue nazungumzia nini. Kuanzia hapa nitasema Kanisa la Watakatifu.

Tuanze chini. Kundi dogo la waumini linaitwa tawi, na likikua linakuwa kata. Kata kadhaa zinafanya kigingi. Tawi lina rais wa tawi, kata ina askofu, kigingi kina rais wa kigingi, na kila mmoja ana washauri wawili. Wote hao hawalipwi. Karani anayeandika mahesabu halipwi. Viongozi wa akina mama, walimu wa watoto, mpiga kinanda, wote bure. Hakuna anayeomba kazi hiyo: mtu anaitwa, anahojiwa, waumini wanainua mikono kumkubali, anaanza. Askofu kwa kawaida anakaa kama miaka mitano, rais wa kigingi kama tisa, kisha anarudi kukaa kwenye benchi na wenzake. Hata Sabini wa Eneo, ambao wanasimamia vigingi vya nchi kadhaa, wanabaki na kazi zao za kila siku. Wanarudishiwa gharama za safari za kanisa tu.

Jengo nalo, kwa sehemu kubwa, linafanyiwa usafi na waumini wenyewe kwa zamu.

Mpango huo unaokoa fedha nyingi sana. Hakuna chuo cha theolojia cha kusomesha wachungaji, hakuna nyumba za mapadri, hakuna mishahara ya maelfu ya maaskofu. Lakini gharama haikupotea, imehamia kwa mtu. Askofu ambaye ni fundi seremala anajikuta usiku anasuluhisha ndoa, kesho yake yuko msibani, keshokutwa anasikiliza kijana aliyezama kwenye pombe, na hakuna aliyemfundisha ushauri nasaha. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku, kila saa anayoitoa ni chakula kinachopungua nyumbani. Watu wanaousifu mpango huu wakiwa Utah, jimbo la Marekani yaliko makao makuu ya kanisa hilo, ambako askofu mara nyingi ni mtu mwenye mshahara wa mwezi na gari, wangeupima pia kwa mazingira yetu.

Wamisionari nao, wale vijana wawili wawili wenye mashati meupe na vibao vya majina kifuani, hawapati mshahara. Tena wao au familia zao ndio wanaochangia. Kijana wa kiume anayetoka Marekani anachangia dola 400 kila mwezi, kiwango kilichoanza Julai 2020. Kwa miezi 24 hiyo ni dola 9,600. Fedha inaingia mfuko wa pamoja, na kila mmisionari anapewa ya kula na kusafiri kulingana na nchi alikotumwa, hata kama amechangia kidogo kwa sababu kwao hawana uwezo. Rais wa misheni, ambaye anakaa na mkewe na watoto kwa miaka mitatu akisimamia vijana hao, haitwi mwajiriwa. Lakini nyumba, chakula, matibabu na shule za watoto wake vinagharamiwa na kanisa. Kwa hiyo hata hapa jibu la "hakuna anayepata kitu" limeshaanza kupungua nguvu.

Sasa twende juu. Kuna kundi linaloitwa Viongozi Wakuu Wenye Mamlaka: Urais wa Kwanza wenye watu watatu, Mitume Kumi na Wawili, Uaskofu Simamizi wa watu watatu, na Sabini Wakuu. Hawa wanaacha kazi zao na kutumika muda wote. Tangu 1996 wamejiondoa pia kwenye bodi za makampuni. Mitume wanatumika mpaka kufa, Sabini wanapumzishwa wakifika kama miaka 70. Wanapewa posho ya kujikimu. Kiasi chake hakitangazwi na kanisa, lakini Januari 2017 zilichapishwa nyaraka za ndani zilizovuja. Moja ilikuwa karatasi ya malipo ya mwaka 2000 ya Henry B. Eyring, ambaye wakati huo alikuwa mtume, ikiwa na mstari wa posho ya kujikimu na mwingine wa makazi. Nyingine ilikuwa waraka wa Januari 2014 unaosema posho imepandishwa kutoka dola 116,400 hadi 120,000 kwa mwaka. Msemaji wa kanisa alieleza kuwa kiwango ni kimoja kwa Viongozi Wakuu wote. Hakusema nyaraka ni za uongo.

Tuchukue dola moja kwa shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi. Dola 120,000 ni shilingi milioni 300 kwa mwaka, milioni 25 kwa mwezi. Kwa macho ya Mwanga sokoni, hapa Kigoma, hiyo ni fedha ya kutisha. Kwa Salt Lake City, mji mkuu wa Utah, ni kipato cha mtaalamu wa kawaida aliyebobea, mbali sana na cha mkurugenzi wa kampuni kubwa, na mbali na wahubiri wa Marekani wenye ndege binafsi. Naamini kiasi chenyewe si kashfa. Ninachokilaumu ni kwamba muumini alilazimika kukisoma kwenye karatasi iliyovuja.

Mbali na hao kuna waajiriwa wa kawaida: wahasibu, wanasheria, wasanifu majengo, watafsiri, wasimamizi wa majengo ya ibada, wahadhiri wa vyuo vikuu vya kanisa. Hao wana mikataba na mishahara. Mtu akikuambia anafanya kazi kwenye ofisi ya Kanisa la Watakatifu na analipwa, hajakudanganya. Ila analipwa kwa uhasibu wake. Akiitwa kuwa askofu, uaskofu huo ataufanya bure jioni na Jumapili.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Katika karne ya 19, maaskofu wa Utah walipokea nyasi kavu, ngano, mayai na mifugo kama zaka, wakatunza maghala, na walipata sehemu ya kile walichokusanya kama malipo ya kazi hiyo. Utaratibu huo ulifutwa karne hiyo ilipokuwa inaelekea ukingoni. Nadhani ulikuwa uamuzi mzuri kuliko mingi iliyowahi kufanywa na kanisa hilo, kwa sababu ulikata uzi kati ya kiasi kinachokusanywa na tumbo la anayekusanya. Askofu wa leo hapati kitu waumini wakitoa zaidi, na hapungukiwi wakitoa kidogo.

Zaka yenyewe inatajwa kwenye Mafundisho na Maagano, kimojawapo cha vitabu vitakatifu vya kanisa hilo, sehemu ya 119, ya tarehe 8 Julai 1838 huko Far West, Missouri. Inasema moja ya kumi ya ongezeko la mtu kwa mwaka. Mwaka 1970 Urais wa Kwanza uliandika barua kueleza kuwa ongezeko hilo maana yake ni kipato, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuongeza maelezo zaidi ya hapo. Kabla ya kodi au baada ya kodi, mtu anaamua mwenyewe mbele za Mungu. Askofu haruhusiwi kudai karatasi ya mshahara.

Kwa mfanyakazi wa mshahara hilo ni jepesi. Kwa mfanyabiashara ndipo watu wanapoumia, na nimeona vyema nilifafanue kwa hesabu ya huku. Tuseme mama ananunua madumu 20 ya mawese kwa shilingi 55,000 kila moja. Ametoa 1,100,000. Usafiri wa treni mpaka Tabora, wapagazi na ushuru vinamla 100,000. Anauza kila dumu 70,000, anashika mkononi 1,400,000. Kipato chake ni 200,000, na zaka yake ni 20,000. Akikosea akatoa kumi ya mauzo, atatoa 140,000, atabaki na 60,000 ya kulisha nyumba, na nyumba ikila kama kawaida, safari ijayo hatafikisha madumu 20 kwa sababu mtaji umeshaliwa. Hakuna fundisho la kanisa hilo linalomtaka afanye hivyo. Kosa hili linatokea kwa sababu pesa ya mtaji na pesa ya kula zinakaa kwenye simu moja. Dawa yake ni daftari: safari ikiisha, andika ulichonunulia, ulichotumia njiani, ulichouza, ndipo utoe kumi ya kilichobaki.

Sasa tuifuate hiyo 20,000. Muumini anachukua bahasha na karatasi ya zaka na matoleo, anaandika jina na kugawa kiasi kwenye mistari: zaka, matoleo ya mfungo, mfuko wa wamisionari, misaada ya kibinadamu. Nakala moja anabaki nayo. Nyingine inaingia kwenye bahasha pamoja na fedha, na bahasha anamkabidhi askofu au mshauri wake mkononi. Hakuna kapu linalopitishwa kwenye viti. Katika nchi nyingi mtu anaweza pia kutoa kwa mtandao.

Baada ya ibada, mlango wa ofisi ya karani unafungwa, na ndani lazima wawe watu wawili: mmoja wa uaskofu, yaani askofu au mshauri wake, na karani au mwenye ukuhani mwingine. Bahasha inafunguliwa mbele ya wote. Noti na sarafu zinahesabiwa, zinalinganishwa na karatasi. Karatasi ikisema 20,000 na ndani ikapatikana 19,500, hawaandiki kwanza wakaulizana baadaye. Mwenye bahasha anatafutwa siku hiyo hiyo, wanakubaliana, ndipo inaandikwa. Taarifa zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta wa kanisa kwa jina la kila mtoaji. Jumla ya mfumo lazima ilingane na fedha iliyo mezani, halafu wote wawili wanaweka sahihi. Fedha inapelekwa benki siku hiyo. Pale ambapo benki imefungwa Jumapili, mtu aliyeteuliwa anaihifadhi na kuiweka siku ya kwanza ya kazi, na anarudi na risiti ya benki yenye tarehe. Kuilaza kwenye jengo la kanisa hakuruhusiwi.

Mara mbili kwa mwaka wakaguzi walioteuliwa na kigingi wanakuja. Wanachukua karatasi za Jumapili fulani, risiti za benki na rekodi za mfumo, wanalinganisha mstari kwa mstari. Wanauliza nani walihesabu. Wanaangalia kama kuna malipo yaliyofanywa kwa sahihi ya mtu mmoja, na kama kuna malipo yaliyokwenda kwa askofu mwenyewe au familia yake bila rais wa kigingi kujua.

Mambo yanaharibikia wapi? Mara nyingi kwenye utaratibu wa watu wawili. Mshauri amesafiri, karani anaumwa, askofu anasema "nitahesabu nyumbani usiku." Fedha ikipungua baada ya hapo hakuna wa kumtetea, hata kama ni mwaminifu. Mlango mwingine ni simu. Muumini yuko mbali, anamtumia askofu zaka yake kwenye namba binafsi. Nia ni njema, lakini fedha imechanganyika na ya askofu, makato ya kutoa yameila kidogo, na siku simu ikipotea hakuna rekodi. Miongozo ya kanisa inakataza fedha ya waumini kupita kwenye akaunti ya mtu binafsi, na namba ya simu yenye pesa ni akaunti kama nyingine. Anayeishi mbali aulize kwa karani njia rasmi, au asubiri Jumapili.

Nasema wazi: huu utaratibu wa meza ya karani ningependa kuuona kwenye makanisa yetu mengine, makubwa kwa madogo. Hauhitaji fedha. Unahitaji watu wawili, nakala mbili na mkaguzi asiye rafiki wa mhasibu.

Zaka ikishaingia benki, tawi halina mamlaka nayo tena. Yote inakwenda makao makuu. Sehemu ya 120 ya Mafundisho na Maagano, ya siku ileile ya Julai 1838, inaweka baraza la kuamua matumizi, ambalo leo ni Urais wa Kwanza, Mitume Kumi na Wawili na Uaskofu Simamizi, jumla watu 18. Wanaidhinisha bajeti ya mwaka. Fedha inajenga na kutunza majengo ya ibada na mahekalu, inaendesha kazi ya umisionari, inasaidia vyuo vikuu na madarasa ya dini ya vijana, tafsiri na uchapaji, kumbukumbu za vizazi, na inarudi kwa matawi kama bajeti.

Bajeti hiyo ya tawi inagawiwa kila robo mwaka kwa kuangalia mahudhurio: wangapi walikuwa kwenye ibada ya sakramenti, vijana wangapi, watoto wangapi. Haiangalii tawi limetoa kiasi gani. Tawi la wavuvi na wakulima wa muhogo lenye watu 60 linapewa kwa mizani ileile ya kata ya matajiri yenye watu 60. Pango la jengo, umeme na maji havitoki humo. Vinalipwa na ofisi ya majengo ya kanisa. Bajeti ya tawi ni ya shughuli za vijana, vifaa vya kufundishia, karatasi na wino. Udhaifu wake ni kwamba karani anaweza kushawishika kupandisha idadi ya waliohudhuria ili tawi lipate zaidi, na karani anayehesabu vichwa kwa kukisia anaharibu robo nzima.

Matoleo ya mfungo ni mfuko mwingine kabisa, na watu wengi wanauchanganya na zaka. Jumapili ya kwanza ya mwezi waumini wanafunga milo miwili na kutoa thamani ya chakula hicho au zaidi. Familia ya watu watano ambayo ingetumia 10,000 kwa milo hiyo, unga, dagaa, mafuta na mkaa, inatoa 10,000. Mfuko huu ni wa wahitaji, na askofu ndiye anayeamua. Unatumika kwanza palepale. Ukibaki unapanda juu, na ukipungua askofu anaongezewa kutoka mfuko mkuu. Kwa maana hiyo tawi maskini linaweza kusaidia watu wake kwa kiasi kikubwa kuliko lilichokusanya, na kwa mikoa kama yetu hiki ndicho kipengele chenye faida ya moja kwa moja.

Lakini muhitaji hapewi noti mkononi ikiwa njia nyingine ipo. Mtu amelazwa hospitali ya Maweni, bili inalipwa hospitali kwa namba ya malipo iliyotolewa kwa jina la mgonjwa. Kodi ya chumba inalipwa kwa mwenye nyumba, chakula kinalipwa dukani. Muhitaji anaombwa afanye kazi fulani kadiri ya nguvu zake, hata kufyeka uwanja wa kanisa, na wanaandika pamoja mpango wa jinsi atakavyojitegemea. Hawalipi madeni ya biashara na hawatoi mtaji. Wengi wanakasirika wakifika kwa askofu kuomba mtaji wa dagaa na kuambiwa hapana. Afadhali mtu ajue mapema kwamba mfuko huo unahusu chakula, makazi na matibabu, kwa muda mfupi.

Sasa tufike kwenye fedha kubwa, ambako ndiko lawama nzito zilipo.

Kanisa hilo lilikuwa na madeni mazito mwishoni mwa karne ya 19. Mei 1899 rais wake, Lorenzo Snow, alikwenda St. George, Utah, wakati wa ukame, akahimiza zaka kwa nguvu. Kufikia 1907 madeni yalikuwa yamelipwa. Baadaye ikawa kanuni: usitumie zaidi ya unachopata, na kila mwaka weka akiba. Kwa miongo mingi akiba ile imewekezwa. Mwaka 1997 iliundwa Ensign Peak Advisors, kampuni ya kanisa ya kusimamia uwekezaji. Desemba 2019 yalifichuka malalamiko ambayo mfanyakazi wake wa zamani aliyapeleka kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, akidai mfuko umefika karibu dola bilioni 100. Februari 2023 tume inayosimamia masoko ya mitaji Marekani ilitangaza kwamba Ensign Peak ilikuwa ikiwasilisha taarifa za hisa zake kwa kutumia makampuni 13 ya jina tu, ili ukubwa wa mfuko usijulikane, na kwamba uongozi wa kanisa ulijua. Faini ilikuwa dola milioni 5: nne kwa Ensign Peak, moja kwa kanisa. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kuiba. Kosa lilikuwa kuficha, na kwa kanisa linalomfundisha muumini kuandika kila shilingi kwenye karatasi yenye nakala, kosa hilo ni kubwa.

Hapo ndipo linapokuja jibu la kanisa kuhusu posho. Oktoba 1985 Gordon B. Hinckley, akiwa katika Urais wa Kwanza, aliwaambia waumini kuwa posho za Viongozi Wakuu zinatoka kwenye mapato ya biashara za kanisa, hazitoki kwenye zaka. Hoja hiyohiyo ilitumika kwa City Creek, jengo la maduka lililofunguliwa Salt Lake City Machi 2012 kwa gharama ya karibu dola bilioni 1.5. Mtu anayemiliki michikichi ataielewa haraka: zaka imenunua mche, mche umezaa, na mawese yaliyokamuliwa hayaitwi tena zaka. Muumini wa zamani, James Huntsman, alifungua kesi mwaka 2021 akidai alidanganywa na kutaka arudishiwe mamilioni yake. Januari 2025 mahakama ya rufaa ilimkatalia, kwa sababu kanisa lilikuwa limeeleza tangu awali kuwa fedha itatoka kwenye faida ya akiba iliyowekezwa.

Kwenye kesi hiyo kanisa limeshinda. Kwangu, kauli ya "hakuna zaka iliyotumika" ni kweli kwa mhasibu na haimtoshi mama wa mawese, ambaye 20,000 yake ndiyo iliyonunua mche. Ingekuwa rahisi kuikubali kama mahesabu yangekuwa wazi. Kanisa liliacha kutoa taarifa kamili za mapato na matumizi mwaka 1959. Kila Aprili idara ya ukaguzi inasoma ripoti fupi kwamba kila kitu kimefanyika kwa utaratibu, bila tarakimu. Uingereza na Canada sheria inalazimisha, kwa hiyo huko mahesabu ya mashirika ya kisheria ya kanisa yanasomeka na yeyote. Karatasi ya zaka yenyewe ina maneno kwamba mchango ukishatolewa ni mali ya kanisa, na kwamba litajitahidi kuutumia kama mtoaji alivyotaja lakini uamuzi wa mwisho ni wake. Soma sehemu hiyo kabla ya kuandika jina.

Kwa upande wa misaada kuna tarakimu. Kanisa lilitangaza matumizi ya dola bilioni 1.36 mwaka 2023 na bilioni 1.45 mwaka 2024 kuwahudumia wahitaji. Ndani ya jumla hiyo yamo matoleo ya mfungo waliyotoa waumini wenyewe, kwa hiyo isihesabiwe yote kana kwamba imetoka kwenye akiba.

Kuna kauli moja iliyotolewa karibu na sisi. Aprili 2018, Russell M. Nelson, akiwa rais wa kanisa, alipita Nairobi na kuwaambia waumini kwamba zaka inahubiriwa kwa maskini kwa sababu ndiyo itakayowatoa kwenye mzunguko wa umaskini wa vizazi. Kwake hilo lilikuwa jambo la imani na ahadi ya Mungu, na sibishani na imani ya mtu. Ila zaka kamili ni sharti la kupata kibali cha kuingia hekaluni, na hekalu ndimo ndoa ya milele inamofungwa, kwa hiyo kwa muumini shinikizo ni kubwa. Askofu anayejua kazi yake atamwambia mjane mwenye watoto kwamba akishatoa zaka na unga ukaisha, aje aombe matoleo ya mfungo bila aibu. Asiyeambiwa sehemu hiyo ya pili ameambiwa nusu ya mpango.

Mwisho wa mwaka kila familia inaitwa kwa tamko la zaka. Askofu anawapa taarifa ya michango yao yote ya mwaka, wanaisoma, kisha anawauliza kama wao ni walipaji kamili, wa sehemu, au hawakulipa. Hicho ndicho kikao cha kwenda na zile nakala za karatasi. Jumla ikipungua, tafuta Jumapili ambayo haipo, mwonyeshe karani nakala, naye atafungua rekodi na risiti ya benki ya siku hiyo. Kama benki ina fedha na jina lako halipo, ni kosa la kuandika na linasahihishwa hapo hapo. Kama hata benki haina, suala si la karani tena, linapelekwa kwa rais wa kigingi siku hiyo. Fanya hivyo kabla ya tarehe 31 Desemba, mahesabu ya mwaka yakiwa bado hayajafungwa.